Kabambare: Mashine mpya imelala, ile ya zamani ndiyo inacheza

KABAMBARE. – Baada ya sala ya alasiri, watoto wanaanza kufika mmoja mmoja kwenye chumba kidogo cha matofali mabichi nyuma ya soko. Wengine ni wenyeji wa hapa hapa katikati ya Kabambare. Wengine ni watoto wa wakimbizi wa vita, ambao wazazi wao waliacha vijiji upande wa Salamabila ama upande wa mpaka na Fizi, wakaja na kile mikono yao iliweza kubeba. Mlangoni kila mmoja anaacha kandambili zake na franka 200 zake. Ndani kuna televisheni moja, batri moja, manete mbili, na PlayStation 2 ya zamani ambayo mfuniko wake umefungwa kwa mpira wa tairi la ndani la baiskeli.

Pembeni, juu ya sanduku, kuna mashine nyingine. Hiyo ni mpya zaidi, nyeusi, na imefunikwa na kipande cha kikwembe ili vumbi lisiingie. Mgeni akiuliza mbona haichezi, watoto wanajibu kwa pamoja: «Hiyo imelala.»

Mwenye chumba ni kijana ambaye watoto wote wanamwita Yaya. Yeye pia alifika Kabambare kwa miguu. Siku familia yao ilipokimbia, mama yake alibeba sufuria na unga wa muhogo. Yeye alibeba gunia la nguo, na katikati ya nguo alificha ile PlayStation 2, manete mbili na CD nne. Mjomba wake alimgombeza njiani: «Watu wanabeba chumvi, wewe unabeba mchezo?» Hakujibu. Lakini juma la pili baada ya kufika alipata mtu mwenye plaki ya jua, wakaunganisha nyaya, na jioni ile watoto wa wenyeji na watoto wa wakimbizi wakakaa kwenye mkeka mmoja wakibishana juu ya goli. Franka za jioni ile zilinunua sabuni na sombe. Toka siku hiyo mjomba hakusema tena neno.

Kazi ikaenda vizuri, na Yaya akaanza kutamani kitu kikubwa zaidi. Watoto walikuwa wanamwuliza kila siku: Yaya, mbona wachezaji wa CD yako wengine wameshastaafu? Akarudi kwenye machimbo ya dhahabu kwa muda, akafua mchanga, akauza gramu kwa gramu. Pesa ilipotosha, akaenda Kindu akanunua mashine ya kisasa iliyotumika kidogo, pamoja na CD moja ya mpira, ya kweli, ndani ya boksi lake. Akairudisha kwa piki kupitia Kasongo, ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Usiku ule chumba kilijaa mpaka nje.

Aliwasha. Kwenye kioo yakatokea maandishi: mchezo haujakamilika, unatakiwa kushusha kwenye intaneti giga 20 na zaidi. Kisha akaombwa afungue akaunti na achague nchi anayokaa. Orodha ya nchi ikafunguka. Alishuka nayo polepole, watoto wakisoma pamoja naye. Alitafuta Congo kwenye C. Akatafuta kwenye R, kwa sababu ya République. Akatafuta kwenye D, kama labda wameandika kwa Kiingereza. Congo haikuwemo.

Rafiki yake wa Kindu akamwambia kwa simu: danganya, andika unakaa Ufaransa. Akadanganya. Duka lilipofunguka likamwomba karata ya benki ya Ufaransa. Yeye hana hata ya Congo. Kuhusu zile giga, alihesabu kwa bei ya mega anazonunua: zingekula mapato ya chumba ya miezi mitatu, na rezo ingekatika mara mia kabla hazijamaliza kushuka. Alichoweza kufungua ni mechi ya kirafiki peke yake. Ligi, kununua wachezaji, kujenga timu, vyote vilikuwa nyuma ya mlango wa intaneti. Baada ya siku nne watoto wenyewe walimwambia kwa heshima: Yaya, turudishie ile ya zamani.

Kwa muda mrefu aliamini kosa ni lake. Alisema moyoni kwamba mtu wa kijijini amenunua kitu cha watu wa mjini, basi kimemkataa. Ilichukua miezi kadhaa, akipanda jioni kwenye kilima penye rezo na kusoma polepole kwenye simu, ndipo akajua kwamba malalamiko yake yanafanana na ya watu wenye umeme saa 24 na karata za benki tatu mfukoni.

Jambo la kwanza lililomshangaza ni la mwaka 2024. Kampuni ya Sony ilitoa mwezi wa Februari mchezo wa vita uitwao Helldivers 2, na watu wa nchi nyingi wakaununua kwa ajili ya kompyuta. Mwanzo wa mwezi wa Mei kampuni ikatangaza kwamba kila mwenye kompyuta lazima aunganishe mchezo wake na akaunti ya PlayStation. Sasa, akaunti hiyo haitolewi rasmi kila mahali. Mchezo ukaondolewa kwenye duka la kompyuta katika nchi na maeneo 177, karibu Afrika nzima ikiwa ndani yake. Watu waliokwisha kulipa pesa yao wakajikuta wanaweza kufungiwa kwa sababu ya mahali wanapoishi. Wachezaji wa dunia nzima, hata wale wa Marekani na Ulaya ambao jambo hilo halikuwagusa, waliandika maoni mabaya zaidi ya 200,000 ndani ya siku chache. Sony ikarudi nyuma, ikafuta sharti lile.

Yaya alisoma habari hiyo mara mbili. Ile orodha isiyo na Congo, aliyodhani ni aibu yake peke yake chumbani, ilikuwa aibu ya nchi nyingi kwa wakati mmoja.

Jambo la pili lilimwuma zaidi. Mwezi wa Desemba 2014 kampuni ya Ufaransa, Ubisoft, ilitoa mchezo wa magari uitwao The Crew. Mtu alikuwa anaweza kuendesha gari toka pwani moja ya Marekani mpaka nyingine. Mamilioni ya watu waliucheza. Lakini mchezo ule haukuweza kuwaka bila kuongea na kompyuta kubwa za kampuni, hata kama unacheza peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ikazizima kompyuta zile. Toka siku hiyo, hata aliyenunua CD dukani na kuitunza kabatini, CD yake haifungui kitu.

Mtu mmoja anayetengeneza video, Ross Scott, alianzisha harakati inayoitwa Stop Killing Games, yaani acheni kuua michezo. Haombi kampuni iwashe kompyuta zake milele. Anaomba kwamba siku kampuni inapochoka, iache mchezo katika hali ambayo mnunuzi anaweza kuendelea kuucheza peke yake. Ombi hilo lilipelekwa kwa Umoja wa Ulaya, na mwezi wa Julai 2025 sahihi zikapita milioni moja. Huko California, toka tarehe 1 Januari 2025, kuna sheria inayomkataza muuzaji wa michezo ya intaneti kutumia neno «nunua» ikiwa mteja anapewa ruhusa tu inayoweza kuondolewa, isipokuwa amemwambia wazi.

Hapo ndipo Yaya alipoelewa mashine yake iliyolala. Zamani kampuni ilikuwa inauza kitu: unalipa, unabeba, mkataba umekwisha. Leo kampuni nyingi kubwa zinauza ruhusa. Kitu kiko mkononi mwako, lakini ufunguo umebaki kwao, na kila siku lazima ubishe hodi. Mtu wa Paris anabisha hodi bila kujua, kwa sababu rezo yake haikatiki. Mtu wa Kabambare anasikia kila hodi, kwa sababu hakuna anayeitikia.

Kuna na jambo la tatu, na hilo liliingia chumbani kupitia mlango wa mama mmoja mkimbizi. Mtoto wake wa kiume, wa miaka 13, ni mteja wa kila siku. Siku moja mama alifika amekasirika, simu mkononi. Mtu wa familia alikuwa amemtumia yunite za franka 5,000 ili ampigie dada yake aliyebaki upande mwingine wa mstari wa vita, kujua kama yuko mzima. Yunite hazikuwemo. Mtoto alikuwa amezigeuza kuwa mega, ili mchezo wa mpira wa kwenye simu ushushe vitu vipya na amfungulie pakiti ya wachezaji ambayo mchezo ulisema ni ya leo tu, kesho haipo.

Mama alimwuliza Yaya kama ni yeye aliyemfundisha mtoto kamari. Neno lile lilimchoma. Akamketisha mtoto, akamwuliza: ndani ya pakiti ulipata nini? Mtoto akajibu kwa sauti ndogo: «Beki mmoja, ambaye nilikuwa naye tayari.»

Yaya, ambaye amefua mchanga wa dhahabu, alimweleza kwa njia anayoijua. Kwenye machimbo kuna siku mchimbaji analipwa mfuko wa mawe badala ya pesa. Hajui kuna nini ndani. Anaweza kusaga siku nzima akapata vumbi, anaweza kupata gramu mbili. Watu wanaucheka mfuko ule, lakini walau mawe yametoka ardhini, na aliyeutoa hajui zaidi kuliko aliyeupokea. Pakiti ya kwenye simu ni mfuko ambao mwenye nao ndiye aliyepanga mawe. Anajua dhahabu iko mifuko mingapi, na anajua pia ni saa ngapi wewe unachoka kungoja.

Na biashara hiyo si ndogo. Kampuni ya Marekani EA, iliyokuwa inatoa michezo ya FIFA, ilipata dola zaidi ya bilioni 1.6 katika mwaka wake wa hesabu wa 2021 kutokana na Ultimate Team, sehemu ya michezo yake ambamo watu wanafungua pakiti za wachezaji. Mwaka 2018 Ubelgiji, nchi ambayo wazee wa Maniema wanaijua kwa mambo mengine, iliamua kwamba pakiti za namna hiyo zinazolipiwa ni kamari, na mwanzo wa 2019 EA ikaacha kuuza huko pointi za kuzifungulia. Kwa hiyo neno alilosema yule mama kwa hasira, bila kusoma sheria yoyote, ndilo neno ambalo wakubwa wa Brussels waliandika.

Yaya alimrudishia mama franka 5,000 toka kwenye kikopo cha mapato. Mama alikataa mara mbili, mara ya tatu akapokea. Dada alikuwa mzima.

Si kila mtu anakubaliana na Yaya. Mwalimu mmoja wa jirani, anayependa kupita jioni kutazama mechi, alimwambia wazi: «Mdogo wangu, hizi CD zako nne zote ni za kunakili. Kampuni haijaona hata franka moja yako. Utawalalamikia namna gani watu ambao hujawalipa?» Ni swali la haki. Waliotengeneza mchezo nao wana watoto wanaokula. Yaya alikaa nalo siku nzima.

Kesho yake alimjibu mwalimu kwa adabu. Ni kweli, CD nne zile alizikuta sokoni zimenakiliwa, na sokoni hakukuwa na nyingine. Lakini mara moja katika maisha yake alitoa jasho la miezi, akanunua kitu cha kweli kwenye boksi lake, na ndicho hicho kilichomfungia mlango. Aliyeiba anacheza, aliyelipa amelala. «Mwalimu, kama duka haliandiki jina la nchi yangu, nitaweka pesa yangu kwenye mkono gani?» Mwalimu alitikisa kichwa, akasema kosa la mwenye duka halifuti kosa la mnunuzi, lakini sasa anaona makosa ni mawili. Wakaachia hapo, wakatazama mechi.

Kuna jambo moja ambalo mwalimu ndiye aliyemkumbusha, na wazee wa jimbo hawahitaji kukumbushwa. Ndani ya mashine hizi, na ndani ya simu, kuna vipande vidogo vya kutunza umeme vinavyotengenezwa kwa tantali, madini yanayotoka kwenye koltani. Mwaka 2000, mwaka uleule PlayStation 2 ilipotoka, mahitaji ya simu na mashine za namna hiyo yalipanda, wanunuzi wakajaza maghala, na bei ya tantali duniani ikapaa mara kadhaa ndani ya miezi michache. Mwaka 2001 ikaanguka. Katikati ya kupanda na kuanguka, watu wa Kivu na wa Maniema waliacha mashamba wakaingia mashimoni, na wenye bunduki wakakaa juu ya mashimo yale. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Aprili 2001 iliandika namna biashara hiyo ilivyolisha vita.

Hakuna anayeweza kusema kwamba chembe ya Maniema imo ndani ya mashine ile iliyofunikwa na kikwembe. Lakini Yaya anaona si sawa kwamba nchi hii inajulikana vizuri kwenye karatasi za wanaonunua mawe, kisha inasahaulika kwenye orodha ya wanaouza mchezo.

Siku hizi ameandika kwa chaki mlangoni maswali matatu, kwa ajili ya vijana wanaotaka kununua mashine, simu ama mchezo. La kwanza: kinawaka bila rezo? La pili: kikiwaka leo, nani anaweza kukizima kesho? La tatu: pesa unatoa mara moja, ama kitakuomba kila juma? Vijana wanayasoma wakiingia. Mmoja aliyekuwa anataka kuuza mbuzi anunue mashine ya kisasa alirudi nyumbani na mbuzi wake.

PlayStation 2 yenyewe iliacha kutengenezwa mwanzo wa mwaka 2013. Ikifa, hakuna mpya. Fundi wa redio wa sokoni ameshaifungua mara tano, ameunga waya, amesafisha jicho la kusomea CD kwa pamba. Inawezekana kuifungua na kuitengeneza. Haiombi ruhusa ya mtu.

Mwezi uliopita yule mama aliamua kurudi kijijini. Habari za usalama zilikuwa afadhali kidogo, na msimu wa kulima haungoji. Usiku wa mwisho mtoto wake alikuja chumbani, hakuomba kucheza. Alisimama tu. Kwa miezi mitano alikuwa anaendesha ligi yake kwenye kadi ndogo ya memori ya PlayStation 2, na timu yake aliibatiza jina la kijiji chao. Alikuwa amebakiza mechi sita, na yuko wa pili.

Yaya alichomoa kadi ile, akaifuta kwa shati lake, akampa.

– Chukua. Ni ya kwako.

– Yaya, kule hatuna mashine.

– Siku utakayoipata, yoyote ya namna hii, ya mtu yeyote, utachomeka na utakuta timu yako vilevile. Hakuna atakayekuuliza unatoka nchi gani.

Asubuhi mama aliuliza kile kitu ni nini. Mtoto akamweleza. Mama alikigeuza mkononi, kidogo kuliko boksi la kiberiti, akafungua fundo la kikwembe chake pale anapofunga pesa, akakiweka ndani, akakaza. Kisha akajitwika sufuria, wakashika njia.